Amwani za Mwenye Chuo

Ndama, Jumapili, Julai 1981

Baridi asubuhi hii, na ukungu haujatoka migombani. Kahawa imeanikwa uani. Nimejificha nyuma ya jiko nikiandika, maana leo Tata, baba yangu, ataniuliza na sina pa kukimbilia.

Kwetu mgeni akifika hupewa amwani, kahawa za kutafuna zilizochemshwa na majani ya kunukia kisha zikakaushwa, kabla hajaulizwa neno. Hapo ndipo anapohesabika amepokelewa. Nilipopata nafasi ya kusomea kilimo Chuo Kikuu, Tata alihofu kwamba huko hawana amwani. Akafunga fungu moja kwa gome kavu la mgomba, nimpe mwenye chuo ili apate cha kunipokelea.

"Asipokupokea mtu, urudi," aliniambia. "Simwachi binti yangu kwenye mji usio na mwenyewe."

Tata hasemi mambo hayo kwa mzaha.

Basi, meli, treni. Asubuhi ya mwisho treni ilisimama Morogoro. Nikanunua machungwa dirishani, nikaitazama milima, nikaendelea zangu hadi Dar es Salaam. Chuo Kikuu si kiko Dar? Nikapanda kilimani na sanduku langu. Karani mmoja wa makamo akaisoma barua yangu mara mbili, akacheka hadi akavua miwani. Kitivo cha kilimo kiko Morogoro, akasema. Cha udaktari nacho kiko kwingine, hospitalini, upande wa pili wa jiji.

Nilikuwa nimekipita chuo changu nikimenya chungwa.

Aibu ilikuwepo, lakini mshangao uliizidi, na mpaka leo haujaniachia. Nilidhani chuo ni mji mmoja wenye ua na lango. Kumbe ni mji ambao ukitaka kwenda chumba cha pili unakata tiketi ya treni, na bado wote unaitwa chuo kimoja. Ukumbi mmoja tu pale kilimani ungelimeza kanisa letu pamoja na kengele yake. Nilimuuliza karani mwenye chuo ni nani. Akanitajia mkuu, akaja kwa makamu, akaanza na wakuu wa vitivo, mwisho akaniuliza namtaka yupi.

Nilipofika Morogoro nilikaa kitandani nikalia. Wenzangu wawili wa chumbani, mmoja wa Newala na mmoja wa Unguja, wakataka kujua kulikoni. Nikalifungua fungu, tukazitafuna amwani zote. Yule wa Unguja alikunja sura lakini alimaliza zake.

Nikamwandikia Tata kwamba zimepokelewa. Na nani, sikusema.

Mchana

Ameuliza.

Nimemweleza yote nikiangalia miguu yangu. Kwamba mwenye mji sijamwona hata leo, na kahawa zake tulizila sisi wanafunzi. Nikangoja aniambie sirudi tena huko.

Akageuza kahawa mkekani. Kisha akauliza chuo chenyewe kina sehemu ngapi. Nikamhesabia kwa vidole: kilimani, hospitalini, Morogoro. Akauliza kama kweli zote hizo ni chuo kimoja. Nikasema ni kimoja. Akapiga mluzi, na Tata si mtu wa kupiga mluzi.

"Basi nilifunga kidogo," akasema.

Sasa hivi amekaa mlangoni na magome ya mgomba mapajani. Mafungu mawili yako tayari, la tatu analikaza kamba. Kila sehemu na lake. Machozi yananitoka na sioni haya.

Likizo ikiisha, treni itasimama tena Morogoro asubuhi. Nitanunua machungwa yangu na kubaki kitini, kwa kuwa nina mafungu mawili ya kufikisha Dar kwanza. Safari hii nitakipita chuo changu nikikijua.