Parachichi Moja la Juu

Dubai,
Ijumaa mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu kwanza, ugomvi utafuata, maana leo nimekuja na vyote viwili. Goti linaendeleaje? Mdogo wangu Skola aliniambia baridi ya mwezi huu imewakamata kweli, hata viazi vya bondeni vimeungua na barafu. Tafadhali usitoke kwenda stendi asubuhi bila sweta mbili. Upepo wa Makambako hauna adabu, na wewe unajifanya bado msichana. Mimi ni mzima wa mwili. Joto la huku ukitoka nje ni kama umefungua mlango wa tanuri la mikate, lakini kazini nashinda ndani ya chumba cha baridi nikichambua matunda, kwa hiyo nusu ya siku niko Dubai, nusu niko Njombe.

Roho ndiyo haiko sawa. Nimekasirika, Mama, na nimekaa na hasira hii wiki nzima nikitafuta mtu wa kumpa.

Unajua nilivyomng'ang'ania tajiri wangu, Bwana Nadir. Miaka miwili kila akikata parachichi mbele yangu namwambia hilo ni maji matupu, ya kwetu yana mafuta. Alikuwa anacheka tu na kuendelea kununua kwa makampuni makubwa. Mwaka huu akachoka na mdomo wangu, akasema haya, niletee boksi mia tatu kwa ndege, nikiyapenda tutaendelea. Nilipowapigia, nyumba tisa za pale misheni mkakubali kuchanganya matunda. Hata Baba mdogo Osmund! Yeye ambaye bwana shamba alipomtajia mche wa parachichi aina ya Hass, alisikia "hasi", akaapa hawezi kupanda mti uliohasiwa shambani kwake. Huyohuyo amekata miti yake ya mbao kupisha parachichi, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta mzigo. Nilipoambiwa hivyo nilicheka peke yangu katikati ya maboksi mpaka wenzangu wakaniuliza.

Halafu zikaja karatasi. Sijui nani alizibuni karatasi hizi. Skola amepanda basi Makambako hadi Dar mara ngapi? Ofisi hii inamtuma ile, ile inamwambia mtandao haupo, arudi Jumatatu. Akirudi Jumatatu, mwenye mhuri yuko semina. Cheti cha afya ya mimea kikapatikana huku kibali kingine kinakaribia kuisha. Mimi huku namdanganya Bwana Nadir kwamba ni mambo ya siku mbili tatu. Lakini tulivuka. Matunda mliyakata kwa mkasi, mkaacha kikonyo kifupi, hamkuyaangusha chini. Skola alipima kila boksi, kilo nne kamili, kama ilivyoandikwa ubavuni. Kazi safi, Mama, na siyo maneno yangu. Bwana Nadir mwenyewe aliniambia hivyo alipoona picha.

Mzigo ulipofika uwanja wa ndege wa huku wakauweka kwenye mizani. Karatasi zikasema hivi, mizani ikasema vingine. Kila boksi lilikuwa na robo kilo ya zaidi, au inayokaribia hapo. Kwa watu wa forodha hiyo haina maana nyingine, ni kwamba umeandika kidogo ili ulipie kidogo, au umeficha kitu ndani. Wakaniita kutoka kazini kwenda kueleza, kwa kuwa mimi ndiye mwenye watu wa huko.

Wakafungua boksi la kwanza mbele yangu. Juu kabisa, katikati, kulikuwa na parachichi moja limekaa peke yake, kubwa kuliko yote, limefutwa kwa kitambaa mpaka linang'aa. Wakafungua la pili, hivyohivyo. La tatu, hivyohivyo. Mama, sikuhitaji kuuliza mtu. Nilijua mkono huo ni wa nani.

Skola alipopokea simu alijiumauma, mwisho akasema. Alipomaliza kupima alienda kuelewana na dereva wa lori, na wewe ukapita nyuma na beseni, boksi kwa boksi, ukisema watu hawa ni wa mbali na ni mara ya kwanza, tutawapaje kavukavu? Hukupumzika wala kukaa mpaka boksi la mia tatu. Na goti hilo.

Sasa nikaanza kumweleza afisa maana ya nyongeza. Kiarabu changu ni cha sokoni, cha kuhesabu na kugombana, hakina neno hilo. Nikasema ni zawadi. Akauliza, zawadi kwa nani? Nikasema kwa atakayefungua boksi. Akauliza, aliyeiweka anamjua huyo mtu? Nikasema hapana. Akanitazama weee, kisha akaandika maneno mengi kwenye fomu yake, na mzigo ukabaki palepale.

Ulibaki siku tatu, Mama, nje ya chumba cha baridi. Na hata bila hizo siku tatu, lile tunda la juu lilikuwa limeshafanya kazi yake. Mfuniko ulilikandamiza, nalo likakandamiza wenzake, na juu ya boksi hilo kuna maboksi mengine kumi. Tulipoyapokea, ukibonyeza tunda kidole kinaingia. Wauza juisi walichukua waliyoweza kuchukua. Mengine niliyamwaga kwenye pipa mimi mwenyewe, na maboksi ya Baba mdogo yalikuwemo, nimeyajua kwa alama aliyochora kwa kalamu yake nyekundu. Nililia. Na sikulia kwa huzuni, nililia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yako.

Usidhani nimesahau nilikotoka. Nakumbuka basi la Songea likianza kuondoka stendi na wewe unakimbia nalo, nyanya mbili mkononi, unampa mama wa dirishani ambaye ameshalipa na ameshapewa zake. Abiria walikuwa wanamwambia kondakta simama kwa Mama Vene. Wenzako walikuwa wanapanga nyanya nzuri kuliko zako na wanakaa nazo mpaka jioni. Nyongeza ndiyo iliyonivalisha sare na kunipeleka sekondari. Najua. Lakini yule wa dirishani alikuwa anakuona, Mama, na anajua ni wewe uliyempa. Huku hakuna anayekuona. Huku kuna karatasi na mizani, na vikipishana, wewe ni mwongo.

Bwana Nadir hakunifukuza, ingawa wiki hii jina lake limeandikwa forodha pasipopendeza. Jana aliniita ofisini akafunga mlango. Nilidhani kazi imeisha. Akasema, "Matunda yenu ni mazuri. Lete tena, mara moja tu, kabla soko halijajaa ya wengine. Lakini aliyefunga maboksi haya asiyafunge tena."

Nikamwambia, "Ni mama yangu."

Akaenda kuufungua mlango. Kisha akasema, "Basi mwambie wewe."

Ndiyo nakwambia. Safari hii matunda yapelekwe kwenye lile ghala la kufungashia pale Makambako, wafunge wao, Skola asimamie, na wewe usiguse boksi. Najua ninachokuomba. Najua zile nyumba tisa zilikuchagua wewe uwafungie maboksi kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupunjwa na mkono wako, na sasa nakwambia mkono huohuo ukae pembeni. Naomba uwaambie wewe mwenyewe Jumapili baada ya misa, wasikie kwako kabla hawajasikia mitaani. Ukinyamaza watadhani matunda yetu huharibika tu yakifika huku, watavunjika moyo, na wale wanunuzi wa pikapu watarudi kutikisa miti na kuokota makubwa tu kwa bei wanayoitaka wao. Baba mdogo Osmund hana tena miti ya mbao ya kurudia.

Nisalimie Shangazi wa Igwachanya, mwambie picha za ubatizo wa mjukuu nimeziona na mtoto amechukua pua yetu, tumpe pole. Nisalimie katekista na mkewe. Baba mdogo nimemwandikia karatasi yake, imo humuhumu, mpe bila kuisoma. Skola usimgombeze, hakukusengenya, mimi ndiye niliyembana. Anayekuletea bahasha hii ni Tulia, binti wa Wanging'ombe tuliyekuwa tunakaa naye chumba kimoja, amemaliza mkataba anarudi kwao. Nimempa na blanketi. Ni la kwako la kujifunika, siyo la kumpa mgeni.

Ukishasoma utataka kunipigia. Nipigie. Ila najua utakavyoniuliza, kwa ile sauti yako ya chini: "Vene mwanangu, kwani nimekosea?" Na mimi nikiisikia sauti hiyo nitasema hapana, Mama, hujakosea, mambo ya forodha tu hayo. Utanishukuru, na kwenye mzigo ujao utapita tena na beseni. Kwa hiyo jibu nimeliandika hapa, nisipate nafasi ya kulibadilisha.

Ndiyo, Mama. Umekosea.

Mwanao,
Vene