Kona ya Kaka

Jumamosi, Balambala

Nimeshinda tena mbio za ngamia. Mgongo mtupu, bila tandiko, na umri wangu huu! Nimewatimulia vumbi vijana wa Hadado. Nikawaambia ngamia wangu aliwahi kuruka mto Tana, wakacheka mpaka machozi. Wacheke tu. Mbuzi wanne wa zawadi ni wangu, na watoto wa marehemu kaka yangu watakunywa maziwa.

Hodan, binti yake mkubwa, akanishika mkono mbele ya watu. "Adeer, ami yangu, hebu sema tena vile baba alianguka."

Nikasema kama siku zote: ngamia wake alishtushwa na nyoka, mnene kama gogo. Watu wakasikitika.

Hodan hakuniachia mkono. "Mwaka jana ulisema fisi, Adeer."

Nikaanza kuhesabu mbuzi wangu kwa sauti. Wanne tu!

Hakukuwa na nyoka wala fisi. Kaka alikuwa mbele kwenye kona ya mwisho ya mbio, nikampiga ngamia wake fimbo ya uso ili nipite. Siku hiyo pia nilishinda.

Leo kwenye kona ile ile nimemsikia kaka akiniita jina. Sikugeuka. Nilichapa fimbo tu.

Hodan atauliza tena. Sijui nitataja mnyama gani.