Ukuta Ulioota Mpunga

Lipangalala,
Ifakara.
4 Mei 2025.

Mpendwa dada yangu Yosefina,

Shikamoo. Magoti yameacha kukusumbua? Na shemeji Wendelin, kifua kimetulia? Sisi huku wazima, mimi hata nimenenepa.

Dada, tangu nyumba yangu ibebwe na maji mwaka jana unanisihi nihamie kwako Tabora. Nilikuwa nakuzungusha kujibu kwa sababu nilisubiri nione kama nyumba ya Evelina itasimama masika. Ikianguka, nafunga mizigo.

Basi mwanao Evelina, huyo niliyemzaa mimi, kajenga! Msingi ni viroba vya udongo. Ukuta ni chupa za maji zilizookotwa mjini, zikashindiliwa mchanga, zikakandikwa tope lenye pumba na kinyesi cha ng'ombe wa jirani yetu Msukuma. Maji ya mvua yanaingia tangini, taa ni za sola, na kinyesi hicho hicho kinatupa gesi ya kupikia. Fundi mmoja alikuja kucheka, akaondoka anauliza maswali.

Ila mimi niliharibu. Evelina aliniagiza pumba za mashineni. Kwa haraka zangu nikabeba makapi ya uwanjani tulipopigia mpunga, nikayakanyagia kwenye tope. Kumbe punje zimo! Wiki moja tu, ukuta wote kijani. Stanislaus wa nyumba ya pili akapita: "Mama Evelina, mwaka huu unalima ukutani? Utapalilia kwa ngazi?"

Nikamwambia, "Wako wa shambani haujaota hivi!"

Lakini moyoni niliogopa mizizi isije ikafungua ukuta, na masika yako mlangoni. Evelina hata hakunigombeza. Aling'oa mche mmoja mmoja, akakandika upya.

Wiki iliyopita mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Maji yalifika kwenye viroba, yakakaa, yakaondoka. Nikapitisha kiganja ukuta mzima kwa ndani. Mkavu, dada! Mkavu kabisa.

Kwa hiyo sihami. Njoo wewe. Padre atabariki nyumba Pentekoste, na nimeshawatangazia watu wote wa jumuiya kwamba dada yangu atakuwapo. Usiniaibishe.

Nisalimie shemeji, na binti yenu Klementina pamoja na wanawe. Mungu awalinde njia nzima mpaka mlangoni kwangu.

Mimi mdogo wako akupendaye siku zote,
Balbina, mama wa fundi