Hasi Mbili

Bwenini, 4 Februari

Kwa Mwalimu,

Salamu. Mimi mzima, na mama mzima, kama unataka kujua. Cherehani bado inatulisha.

Usishtuke kuona mwandiko usioujua. Ulipotuacha nilikuwa bado naandika herufi kubwa kama mabomba. Sikuandikii kwa sababu nimekukumbuka. Mwalimu wetu wa kemia amehamishwa, hajaletwa mwingine, na sijui mtu mwingine anayeijua kemia ila wewe. Nimekwama kwenye ioni za atomi nyingi: salfeti, fosfeti, naitreti. Kitabu kinataja chaji tu, hakisemi zimetoka wapi.

Nakwambia mapema, usije ukasema nilikuzunguka: mwezi wa nane kuna mashindano ya sayansi ya shule zote. Nasikia mtoto wa mke wako, huyo unayemlea, ndiye tegemeo la shule yenu. Nataka kumshinda mbele ya macho yako. Nifundishe.

Binti wa fundi cherehani

*

11 Februari

Kidoti wangu,

Habari za siku nyingi, mwanangu? Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa. Huku hatujambo. Msalimie mama yako, kama salamu zangu zinapokelewa.

Sasa kazi. Anza na asidi nzima, maana yenyewe haina chaji. Asidi ya salfuriki ina haidrojeni mbili, salfa moja na oksijeni nne. Ng'oa haidrojeni zote mbili. Kila moja inaondoka na chanya moja. Kilichobaki ndiyo salfeti, nayo lazima iwe hasi mbili, ili vikirudiana vifike sifuri. Asidi ya fosforiki ina haidrojeni tatu. Je, fosfeti ni ngapi?

Njia ya pili: kila oksijeni humo ihesabu hasi mbili. Zikiwa nne ni hasi nane. Salfa hapo ni chanya sita. Jumlisha, utafika palepale.

Kuhusu kijana, shinda ukiweza. Sitakufundisha nusu nusu.

Baba yako

*

2 Machi

Kwa Mwalimu,

Salamu. Mafua yamepita bweni zima, mimi yameniruka.

Fosfeti ni hasi tatu. Hiyo rahisi, usinifanye mtoto. Na huyo Kidoti achana naye. Alikuwa na miaka saba, akakaa dirishani kukusubiri hadi mama akatundika pazia.

Nieleze hili. Naitreti ina oksijeni tatu, chaji hasi moja. Naitraiti ina oksijeni mbili, chaji hasi moja vilevile. Oksijeni nzima imeondoka na hasi zake mbili, halafu mambo ni yaleyale? Naona hata kemia yako ina uongo ndani.

Binti wa fundi

*

9 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Afadhali mafua yamekukwepa.

Hakuna uongo. Umemhesabu aliyeondoka, hukumtazama aliyebaki. Kwenye naitreti, naitrojeni ni chanya tano. Tano toa sita, hasi moja. Kwenye naitraiti naitrojeni imeshuka, ni chanya tatu. Tatu toa nne, hasi moja tena. Kwa nje chaji ni ileile, lakini ndani mwenye nyumba si yule wa zamani.

Nilitaka kuifuta hiyo sentensi. Nimeiacha.

Nakutumia ioni nyingine za kujipima. Kila wiki nitakuletea mpya.

Baba

*

26 Juni

Kwa Mwalimu,

Salamu. Barua zako zote zimefika na nimezifanyia kazi hadi karatasi zimechanika. Sasa basi, usiandike tena. Njoo siku ya mashindano, ukae mstari wa mbele, uvae shati zuri. Nataka uone vizuri.

Binti wa fundi

*

1 Julai

Mwanangu,

Nitakuja. Shati lipo.

Baba

*

20 Agosti

Kwa Mwalimu,

Salamu. Sisi wazima.

Ulimwona mwenyewe kijana wako alipoulizwa chaji ya daikrometi. Akahesabu kromiamu moja badala ya mbili, akasema hasi nane, ukumbi ukacheka. Mimi nikasema: kromiamu mbili, kila moja chanya sita, jumla chanya kumi na mbili, oksijeni saba, hasi kumi na nne, jibu hasi mbili. Na mgeni wa heshima aliponiuliza, "Nani amekufundisha, binti?" wewe ulishaanza kuinuka. Nilikuona. Nikangoja usimame wima kabisa, ndipo nikasema, "Mama yangu. Baba sina."

Maneno hayo niliyafanyia mazoezi kuliko kemia. Ulivyoketi polepole, ukijifanya unatafuta kitu mfukoni, utamu wake sikufichi.

Kisha yule kijana akanifuata nje kwenye bomba la maji. Nikajiandaa kwa matusi. Akasema, "Hongera. Hivi ile ya kromiamu ilikuwaje?"

"Kwani baba yako hakukufundisha?"

"Mwaka huu kila nikimwendea jioni ananiambia nisubiri, anaandika barua. Nikaacha kumwendea."

Alisema hivyo bila hasira, akinawa uso. Nikakosa pa kutazama.

Mwalimu, hivi wewe huwezi kumgeukia mtoto mmoja bila kumpa mgongo mwingine? Nilikuja kukukomoa kupitia kwake, kumbe naye yuko dirishani kama nilivyokuwa mimi. Umeniharibia hata ushindi wangu, na hilo nalo sitakusamehe.

Nimempa anwani yangu. Barua ya kwanza nimeshamtumia, asidi ya salfuriki mwanzo hadi mwisho. Amenijibu haraka. Mwandiko wake mbaya, lakini anajua kuuliza. Zako zikija nitazirudisha bila kuzifungua.

Mwakani atapanda jukwaani tena, na hatakosea. Wakimuuliza nani amemfundisha, ameshaniambia atakavyojibu. Njoo. Kaa palepale mbele.

Dada yake