Mpaka Katikati ya Kioo

Saluni ya Viti Viwili,
Mkabala na Shule ya Msingi.
Jumatano, wiki ya uchaguzi.

Mpendwa Dada,

Kwa heshima na taadhima, napenda kukutaarifu wewe, shemeji na wapwa zangu wote, kwamba kioo kikubwa cha saluni ya marehemu baba sasa kina mpaka. Mpaka huo ni utepe wa gundi, ule wa kahawia wa kufungia maboksi, na umebandikwa wima kutoka juu hadi kwenye rafu ya poda. Upande wa mlangoni, wenye vumbi, ni wangu. Upande wa dirishani, wenye mwanga, ni wa mdogo wetu. Hakuna mwangalizi wa kimataifa aliyealikwa kushuhudia.

Baada ya tangazo hilo, hujambo Dada? Mgongo wa shemeji umepoa, au bado anainuka kitandani kwa awamu? Wapwa zangu wanaendeleaje na shule? Sisi huku ni wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi tu, mchana anayasahau. Wifi yako, yaani mke wangu, anakusalimu sana. Yeye anasema mimi ni mgonjwa, ila ugonjwa wenyewe amekataa kuutaja mbele za watu.

Picha mliyopiga mbele ya nyumba yenu mpya tumeipata. Nasema "tumeipata" kwa adabu, maana nyuma yake umeandika: "Kwa kitinda mimba wetu, na wengine wote." Mimi ndiye wengine wote. Nimeigeuza mara nyingi kuhakikisha hakuna maandishi mengine pembeni. Ile mashine ya kunyolea uliyotuma nayo ilifika, kwa jina la mdogo wetu vilevile. Inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Yangu ni ileile aliyoiacha baba. Nikiiwasha, taa ya muuza vocha wa jirani inafifia. Silalamiki. Natoa taarifa.

Umeniuliza nimempa nani kura ya urais. Nitakujibu, lakini jibu nimeliweka mwishoni, kwa sababu ukilisoma kabla ya maelezo utanielewa vibaya.

Unakumbuka sheria mbili za baba. Ya kwanza, mteja hachagui kinyozi; anakaa kwenye kiti kilicho wazi. Ya pili, hakuna mteja wa kupakwa poda kabla kinyozi mwingine hajamtazama kisogo. Baba alishikilia kwamba anayenyoa huwa ameshajiridhisha, hawezi kujikagua. Kwa hiyo mimi nikimaliza kichwa nakigeuza kiti kidogo, na mdogo wetu, bila kuacha kazi yake, anatupa jicho kwenye kioo. Akinyanyua kidevu, kuna nywele zimebaki. Akifumba macho, poda. Na mimi kwake hivyohivyo. Tumefanya kazi hivyo tangu baba alipotuachia viti, na kuna siku nzima zilipita bila sisi kuambiana neno, na hakuna aliyetoka mle na kisogo kibaya.

Kisha ikaja kampeni. Kama ulivyosikia, ushindani ulikuwa baina ya chama cha Mwavuli na chama cha Ngazi. Mdogo wetu aliingia Ngazi mapema, akabandika picha ya mgombea wao juu ya kioo, na wiki haikuisha wateja wakawa wanamwita Mheshimiwa. Mheshimiwa, Dada, mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Mimi walikuwa wananiita "yule mwingine". Nikaingia Mwavuli. Ukiniuliza kwa sera ipi, nitakwambia mgombea wetu alikuwa na sera nyingi, na moja niliisikia vizuri. Lakini hebu jiweke mahali pangu. Ungeingia Ngazi, watu waseme unamfuata mdogo wako?

Na hapo ndipo nilipogundua kwamba uchaguzi huu haukuwa wa haki, achana na hayo ya tume na masanduku. Mtaani kwetu watu wa Ngazi ni vijana. Wananyoa kila wiki, na wengine wanachorwa mistari. Watu wa Mwavuli ni watu wazima, na walio wengi wana vipara. Benchi langu lilijaa watu wenye hoja nzito na hakuna hata mmoja mwenye nywele. Walikuwa wanakuja asubuhi, wanasoma gazeti langu, wanakunywa maji yangu, wanaondoka wakiniambia tuko pamoja. Kule dirishani foleni inafika nje. Sheria ya kiti kilicho wazi ikafa yenyewe: kijana anaingia, anakiona kiti changu kitupu, anasema, "Hapana, mimi namsubiri Mheshimiwa," na anasimama.

Redio tulikubaliana iwe ya haki. Akihutubia wa kwao, tusikilize. Akihutubia wa kwetu, tusikilize. Wa kwao akianza, mdogo wetu anaongeza sauti. Wa kwetu akianza, mdogo wetu anakumbuka kwamba kuna joto, na anawasha ile feni inayopiga kelele kama trekta.

Mwanzoni maneno yalikuwa ya utani. Kijana mmoja muosha magari anasema, "Wazee, mwavuli wenu unavuja." Kwenye benchi langu mzee mstaafu wa posta anajibu bila kuinua macho, "Na nyie mnaipanda ngazi kwenda wapi, na nyumba yenyewe hamjajenga?" Wote wanacheka, na mdogo wetu pia. Nilifikiri kampeni yote itakuwa hivyo. Lakini mikutano ilivyozidi na magari ya vipaza sauti yalivyoongezeka, kila mtu akawa anarudi saluni na tusi jipya alilolisikia jukwaani, anataka kulijaribu. Tukaanza kuitana vibaraka. Halafu mbumbumbu. Siku moja yule muosha magari akamwambia mzee wa posta, "Mzee, kwa kichwa hicho, wewe saluni unafuata nini?"

Mdogo wetu akacheka. Hakulisema yeye, lakini alicheka, na kicheko chake unakijua, kinasikika barabarani. Mzee wa posta alikunja gazeti, akalirudisha mahali pake, akatoka. Ndiye aliyekuwa akituletea barua zako, Dada, enzi zile ulipoondoka. Hajarudi mpaka leo. Na mimi sikukaa kimya. Nilimwambia yule kijana jambo kuhusu masomo yake, jambo ambalo silirudii hapa kwa kuwa wapwa zangu wanajua kusoma.

Sasa nikueleze kisa cha fundi bomba, kwa maana ndicho kilicholeta utepe.

Fundi bomba humjui, alihamia mtaani baada yako. Ni mtu mkubwa, mpole, hana chama. Alikuja siku moja kabla ya harusi ya binti yake na, kama mtu aliyelelewa, akakaa kwenye kiti kilicho wazi, yaani changu. Nikaweka kwenye mashine kitana namba mbili, kinachobakiza nywele kidogo, nikaanza upande wa kulia. Nikamuuliza, ili tu kupiga soga, atampa nani kura.

"Atakayeleta maji," akasema. "Nimechoka kufunga mabomba makavu."

"Basi wewe ni wa Ngazi," mdogo wetu akadakia kutoka dirishani.

"Maji na mwavuli ndivyo vinavyojuana," nikasema.

"Vinajuana kwa kukimbiana. Fundi, hapo ulipokaa unanyolewa na watu wa kale. Hamia huku, umaliziwe na mashine ya kisasa."

"Nenda," nikamwambia fundi bomba. "Nenda kwa Mheshimiwa."

Mimi nilikuwa nakebehi. Lakini fundi bomba, kwa kutaka amani, aliinuka na kitambaa changu shingoni, nusu kichwa kimenyolewa, akahamia kiti cha pili. Mdogo wetu hakuniuliza nimetumia namba ngapi. Mimi sikumwambia. Akaweka namba moja, inayokata fupi zaidi, akamaliza upande wa kushoto, akakigeuza kiti.

Niliona kila kitu kwenye kioo. Pale kati ya kisogo palikuwa na kidato, kama cha ngazi yao. Na nilimwona mdogo wetu anakitafuta kidevu changu. Alisubiri, Dada. Mkono wenye poda ulikaa hewani. Lakini mimi wakati huo nilikuwa na kitana changu kinachohitaji kusafishwa vizuri sana. Basi akapaka poda.

Harusi ilifana, nasikia. Jumatatu yake fundi bomba alikuja na picha, akaisimamisha kwenye rafu, katikati yetu. Upande mmoja wa kichwa ni baba wa bibi harusi. Upande wa pili ni mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka hospitali asubuhi ileile. Binti yake pembeni anatabasamu kwa kujikaza.

"Nimewaletea kumbukumbu," akasema. "Mimi nilidhani nyinyi ni ndugu." Akatoka, na sasa ananyolewa kule sokoni.

Mdogo wetu akasema kosa ni langu niliyeona nikanyamaza. Nikasema kosa ni lake aliyenyoa bila kuuliza. Jioni hiyo utepe ukabandikwa. Ni yeye aliyeubandika, na mimi nilimshikia ngazi. Usicheke, tunayo moja tu na inayumba.

Utepe haukumtosha. Sasa anataka ukuta wa mbao, kuanzia mlangoni hadi nyuma, kila mtu na saluni yake. Seremala amekuja, amepima, ameuliza mwenye mali ni nani. Tukamwambia ni watatu, maana baba alituachia sote. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, na wiki zote hizo alikuwa hajasema lolote juu ya siasa zetu. Akasema, "Msumari haugongwi humu mpaka dada yao aseme." Seremala akakunja futi yake. Kwa hiyo jambo liko kwako.

Najua mdogo wetu naye amekuandikia, na barua yake itakufikia kabla ya yangu, kama kila kitu chake. Atakwambia ukuta utaleta amani. Mimi nakupa maoni ya mtu asiye na upande. Ukuta ukijengwa, dirisha litabaki kwake na mimi nitanyoa kwa kupapasa. Kioo itabidi kikatwe, na kioo kikubwa namna ile kikikatwa kitapasuka. Na visogo, Dada, atatazama nani? Tangu utepe nimekuwa nikimwita wifi yako aje anitazamie. Anasema kila kichwa kimependeza. Nimeona mdogo wetu naye anakigeuza kiti chake, anatupa jicho kwenye kioo, halafu anakumbuka.

Kwa hiyo kataa. Lakini usimwambie kwamba mimi ndiye niliyekuomba. Sema ni kwa ajili ya kioo.

Wifi yako anadai yote haya ni wivu. Mimi sina wivu. Ningekuwa nao ningekuandikia kwamba Mama akileta chai saluni humpa mdogo wetu kwanza, tena kwa kikombe kile chenye mkono, na mimi nachomeka vidole kwenye bilauri ya moto. Ningekuandikia pia kwamba ukipiga simu unamuuliza yeye "umekula?" na mimi unaniuliza "Mama amekula?" Hayo siyaandiki. Nayataja tu kwa kumbukumbu.

Nisalimie shemeji, na mwambie godoro gumu ndilo zuri kwa mgongo. Wape wapwa zangu salamu moja moja, wasigawane. Shangazi ukimwona mwambie Mama anasubiri simu yake. Mama mwenyewe anakusalimu na anasema uvae nguo za joto. Mke wa mdogo wetu naye amesema nisisahau kukusalimu. Yeye na wifi yako bado wanakwenda sokoni pamoja, kana kwamba hakuna uchaguzi.

Mungu aitunze nyumba yenu mpya, na kila anayelala ndani yake aamke salama.

Akupendaye, japo wa pili kwenye foleni,
Mdogo wako wa kati.

Nyongeza. Sijasahau swali lako. Kituo cha kura kilikuwa shuleni, hapo ng'ambo ya barabara. Mtu akisimama mlangoni kwetu analiona geti. Siku ya kura tulifungua saluni mapema, wote wawili. Mimi sikutaka kutoka nikamwachia viti viwili. Yeye naye hakutoka. Mteja hakuja hata mmoja, maana mtaa mzima ulikuwa kwenye foleni. Mchana akaniuliza, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu utepe, "Kaka, huendi?" Nikamwambia, "Tangulia." Akasema, "Tangulia wewe." Tukakaa hivyo, kila mtu kwenye kiti chake, tukitazama kioo, mpaka geti la shule likafungwa. Hatukupiga kura.