Mtu Aliyetazama Kamera

Busanza, Kigali
Jumatatu

Dada yangu mpendwa Jovina,

Shikamoo dada. Barua hii ikukute umeamka salama, wewe na Christella na Mama, na mguu wa Mama uwe umepata nafuu tangu tulipozungumza. Mimi ni mzima wa mwili. Kazi ya redio inaendelea, na mvua zimeanza kwa fujo, zinashusha udongo mwekundu hadi mlangoni kwetu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu ukipokea simu Mama huwa ubavuni pako, na haya nataka uyasome peke yako. Tafuta mahali ukae, dada.

Nilikwambia kuhusu filamu mpya ya Clovis, yule kijana wa hapa ambaye filamu yake ya kwanza ilitutoa machozi sote. Mji mzima uliisubiri hii ya pili. Inasimulia habari za msichana aliyezama kwenye tangi la kiwanda, akarudi mzimu, analowa maji, kuwatafuta waliomwacha. Siku ya kwanza ya kuonyeshwa ukumbi ulijaa. Nilikwenda na Daphrose, mwenzangu wa redio, maana mimi ndiye ningeizungumzia katika kipindi cha Ijumaa.

Ilikuwa mbaya. Mzimu wenyewe ulipakwa unga usoni, maneno yanajikokota, watu wakaanza kutazama simu zao. Kisha ikaja sehemu ambapo wafanyakazi wanatoka kazini na mzimu unapita katikati yao. Wote wanatembea kama walivyoelekezwa, isipokuwa mwanamume mmoja mwenye kofia ya sufu. Huyo anasimama. Anaigeukia kamera na kututazama, anatutazama mpaka unatamani kugeuza uso. Ukumbi ukaangua kicheko. Daphrose akaninong'oneza, "Huyu muzee iko anatafuta nani?"

Sikucheka. Alikuwa Cyprian.

Soma tena jina hilo, dada. Kaka yetu Cyprian, tuliyemlilia pamoja na mumeo Rwezaura boti yao ilipozama. Ziwa lilikurudishia mumeo tukamzika; Cyprian likatunyima, tukazika mgomba mahali pake. Nilijiambia duniani wawiliwawili. Lakini jicho la kushoto lilifumba kidogo, vilevile kama lake tangu achomwe na mwiba utotoni.

Siku zilizofuata wachambuzi hawakumwonea huruma Clovis. Mmoja aliandika kwamba kitu pekee cha kutisha katika filamu ile ni urefu wake. Mwingine akasema mwongozaji amelewa sifa za kazi ya kwanza. Na kila mmoja alimtaja mtu wa kofia kama ushahidi wa uzembe. Watu wakakikata kile kipande, wakakiwekea muziki wa kuchekesha, kikazunguka kwenye simu. Basi marehemu wetu akawa ananifuata. Nilimkuta kwenye simu ya muuza nyanya wa hapa mjini, mtaa wa Gitega, nikamkuta kwa dereva wa pikipiki aliyenibeba, watu wanacheka mpaka wanajishika mbavu. Nyumbani nilifunika kioo kwa kanga, kwa kuwa nilianza kuliona lile jicho kwenye uso wangu mwenyewe. Ijumaa nilisema filamu ni dhaifu, maana ni dhaifu kweli. Nilipofika kwa mtu wa kofia nilizima kipaza sauti, Daphrose akaweka wimbo.

Nikaenda kumtafuta Clovis. Alikuwa amejifungia kwake, amekonda, akidhani na mimi nimekuja kumsuta. Nilimuuliza kwa nini hakukiondoa kipande kile. Akanieleza kwamba mhariri wake alikitoa mara kadhaa, na kila mara yeye alikirudisha. "Nilijua watacheka," aliniambia. "Lakini katika filamu yangu yote, huyo peke yake ndiye iko kama mtu ameona mzimu." Akanielekeza ghala moja la Masoro walikopigia picha, akasema huko wapakiaji wenzake wanamwita yule mtu wa kofia Évode.

Nilimkuta amekaa kwenye kivuli cha lori anakula. Hakukimbia. Aliweka sahani chini, akafuta mikono kwenye suruali, akaniita kwa jina langu la utotoni. Nilimpiga kofi, dada, kisha nikamkumbatia, na wenzake wakaondoka mmoja mmoja wakatuacha.

Nilimuuliza alimtazama nani siku ile. Alisema yule msichana wa filamu alipompita akichuruzika maji kuelekea kwenye kamera, alidhani si yeye aliyekuja. Alidhani ni mtu mwingine, aliyekufa maji. Na hapo ndipo aliponieleza lile lililonifanya niandike.

Boti ilipopinduka, Cyprian alipata dumu tupu, akalishikilia. Rwezaura aliogelea hadi kwake, akalishika pia, na dumu likaanza kuzama nao wote wawili. Rwezaura akamshika mkono. "Nilimbandua vidole," Cyprian aliniambia, "kimoja baada ya kingine. Hakunigombeza. Alinitazama tu."

Waliomwokoa walimfikisha upande wa pili wa ziwa. Akasikia kwamba mwili wa shemeji umepatikana na wewe umekalishwa matangani, na mimba ya Christella tumboni. Alishindwa kuingia nyumba ile na kukuangalia usoni. Akavuka mpaka, akabadili jina, akaacha Cyprian ahesabiwe amekufa.

Filamu imeshaondolewa ukumbini, na watu wamepata kingine cha kucheka. Cyprian hataki tena kuwa maiti. Lakini amesema hatavuka mpaka wa Rusumo kurudi nyumbani hadi wewe ujue kwanza, na wewe useme. Mama sijamwambia. Sikumjibu kwa niaba yako, wala sitakushauri. Ukimkataa sitakulaumu, na ukimwita nitamleta mwenyewe.

Jana alikuja kula kwangu. Akaniuliza Christella anafanana na nani. Nilimwambia ukweli, kwamba ni Rwezaura mtupu, hata anavyocheka. Hakuweza kumaliza chakula.

Mpe Mama salamu zangu, mwambie dawa ya mguu nitaituma. Mkumbatie Christella kwa niaba yangu. Mungu akupe nguvu ya kulala usiku wa leo.

Ni mimi mdogo wako,
Praxeda