Vinu Uani kwa Sekela

Mjukuu wangu Atupele,

Mama yako alifika jana akasema hujambo, ila jirani yako anapigwa na mumewe nawe hujui ufanye nini. Huku sote wazima, na ng'ombe amezaa.

Miaka ya sabini, hapa Ubaruku, jirani yetu Sekela alipigwa kila mumewe aliporudi kutoka kilabuni. Tukamwuliza Sekela kama tuje tushinde kwake mumewe asipate nafasi ya kumpiga, akakubali, na jioni hiyo wanawake tukahamishia vinu vyetu uani kwake.

"Kwani ninyi hamna kwenu?" mumewe akauliza.

"Tunatwanga tu, shemeji. Pita ule, chakula kinapoa."

Akala, akalala. Mpunga ulipoisha, tuliendelea kwenda kila jioni kusukana nywele. Hakumpiga tena.

Mwulize jirani yako kama anaridhia. Jumamosi nakuja Mbeya na ungo na mchele, tuuchagulie barazani kwake.

Bibi yako